Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Mama wa ubongo



Ndugu zangu, kabla hujaendelea kusoma, hebu weka kiganja chako utosini. Mtoto mchanga ukimgusa hapo panabonyea, na ukitazama vizuri unaona panapwita, maana mifupa yake bado haijakutana. Akifika miaka miwili hivi, kwa kawaida pameshaziba. Wako uliziba zamani, na tangu siku hiyo hujawahi kufikiria kilichomo humo ndani. Leo tukitazame.

Fuvu lina mifupa 22: 14 ya uso, na minane inayojenga chumba cha ubongo. Sakafu ya chumba hicho si tambarare. Ina madaraja matatu, yanashuka kutoka mbele kwenda nyuma. Daraja la juu liko juu ya macho. Katikati yake pana kipande cha mfupa chenye vitundu vidogo vidogo kama chujio, na humo ndimo zinamopita neva za kunusa. Ile harufu ya sambusa inayokusumbua saa kumi na moja jioni imepita hapo. Daraja la pili lina kishimo chenye umbo la tandiko la farasi, na ndani yake imekaa tezi ndogo kama punje ya njegere. Ukiwa umefunga na maji yamepungua mwilini, tezi hiyo hutoa homoni ya kuziambia figo zisiyapoteze maji yaliyobaki. Daraja la chini kabisa lina tundu kubwa, na hapo ubongo unaungana na ile kamba ya neva inayoshuka ndani ya uti wa mgongo.

Ubongo wenyewe una uzito wa kilo moja na kidogo, lakini hauukandamizi mfupa, kwa sababu unaelea ndani ya maji. Na umefunikwa na tando tatu. Ule wa nje, mgumu, uliogusana na mfupa, Waarabu waliuita umm al-dimagh, yaani mama wa ubongo. Vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, neno "mama" likahama navyo. Mpaka leo daktari popote duniani anauita dura mater, mama mgumu. Subhanallah.

Sasa waliosoma mlango wa diya wanalikumbuka jina hilo. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawakusema tu "jeraha la kichwa". Waliyapanga kwa kina chake. Linaloacha mfupa wazi ni mudhiha, diya yake ngamia 5. Linalovunja mfupa ni hashima, ngamia 10. Linalouhamisha mfupa kutoka mahali pake ni munaqqila, ngamia 15. Na linalofika kwenye huyo mama wa ubongo ni ma'muma, theluthi nzima ya diya ya nafsi, ambayo ni ngamia 100. Kila jeraha likiingia ndani zaidi, sharia nayo inakuwa nzito zaidi. Hiyo inakuonyesha amana iliyofichwa humo ina thamani gani kwa Aliyeiumba.

Lakini lipo dhara jingine la kichwa ambalo halichani hata ngozi, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Shika panja lako, hapa kati ya jicho na sikio. Mfupa wa hapo ni mwembamba, na ni mahali ambapo mifupa minne inakutana. Kwa ndani una mfereji, na ndani ya mfereji umelala mshipa wa damu. Mtu akigonga hapo mfupa ukapata ufa, mshipa huo unaweza kukatika. Damu inaanza kukusanyika baina ya mfupa na yule mama wa ubongo. Mfupa hauna pa kupanuka, basi kinachobanwa ni ubongo. Na mtihani ni huu: mara nyingine aliyeanguka anazinduka, anasimama, anajipangusa vumbi, anaongea, anacheka. Saa kadhaa baadaye ndipo anaanza kuzama.

Miaka michache nyuma kijana mmoja wa mtaani kwetu alianguka na pikipiki akiwahi futari. Hakuvaa helmeti, anakwenda karibu tu. Hakuchubuka popote pa kutisha. Alifuturu, akaja tarawehe. Baada ya rakaa nne akaniambia, "Ustadh, kichwa kinaniuma sana." Nikamjibu, "Saumu hiyo mwanangu, nenda kalale." Mama yake alipokwenda kumwamsha kwa daku, hakuamka. Daktari alisema damu ilivujia ndani ya fuvu. Tulimzika baada ya Adhuhuri, na mimi ndiye niliyemswalia.

Ajali ni kadari, tunaamini. Lakini kadari haikunizuia kumuuliza, "Umeanguka leo?" Neno moja tu. Nilitazama nje, nikaona kijana mzima anatembea kwa miguu yake.

Ramadhani ndiyo hatari zaidi kwa jambo hili, maana kila dalili tunaisingizia saumu. Kichwa kikiuma, ni saumu. Usingizi mzito, ni saumu. Kutapika, ni futari imezidi. Basi aliyegonga kichwa, halafu kichwa kikazidi kumuuma, au akatapika, au akawa na usingizi usio wa kawaida, akachanganya maneno, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, huyo si wa kulala. Ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Akiwa amefunga, afungue, alipe siku nyingine. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara, katika aya zile zile zilizofaradhisha saumu. Hakuna ucha Mungu katika kumkataza.

Ya kufanya leo:

1. Helmeti, hata kama ni kituo kimoja. Ukipanda bodaboda, mwambie dereva asikimbizane na adhana. Kuchelewa tende kwa dakika tano hakuharibu saumu yako.

2. Tuache kuwapiga watoto kichwani. Wazazi, na sisi walimu wa madrasa. Mimi nimelelewa kwa konzi na nimezipiga pia, Allah anisamehe. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na huyo mtoto ukimkosa uso, kinachofuata ni panja.

3. Mtu akikwambia kichwa kinamuuma, muulize swali moja kabla ya kumjibu.

Allah alikiweka kiungo hiki ndani ya mfupa, utando na maji. Kazi iliyobaki katuachia sisi. Tusiidharau.

Ewe Mola, mrehemu kijana wetu, mpe subira mama yake, utusamehe tulipoghafilika, na uzihifadhi akili zetu na za watoto wetu. Amin.

Mtumie na mwenzio mwenye bodaboda. Tukutane tarawehe, inshaallah.