Je, Moyo Wenye Uchungu Una Dhambi?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Katika miji na vijiji vyetu wengi walifiwa katika vita vya 1998 hadi 2003, na wengine katika vita vilivyofuata. Leo unaweza kuingia msikitini ukamkuta aliyekutendea ubaya amesimama safu moja nawe. Moyo unachemka. Unajiuliza: je, dini inanitaka nisisikie uchungu?

Tumtazame Mtume Muhammad (s.a.w.). Mwaka wa 625, katika vita vya Uhud, Hamza, ndugu wa baba yake, aliuawa kwa mkuki wa Wahshi, mtumwa Mhabeshi aliyeahidiwa uhuru kwa kazi hiyo. Baada ya Makka kufunguliwa mwaka wa 630, Wahshi alikuja kusilimu. Mtume alikuwa na uwezo wa kumuua, lakini hakumgusa. Uislamu wake ulipokelewa. Ila alimuomba, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mtume hakujifanya kana kwamba amesahau. Uchungu ulikuwapo bado, wala hakuuficha. Lakini uchungu ule haukupewa nafasi ya kuhukumu. Haki ya Wahshi ilibaki kamili: uhai wake, dini yake, nafasi yake kati ya Waislamu.

Basi jibu ni hili: hasira huingia moyoni bila kupiga hodi, na kuingia kwake si dhambi. Mtu ataulizwa juu ya neno alilolitoa na mkono aliouinua. Mtume alikataza hata kadhi asihukumu akiwa na hasira. Sembuse wewe mwenye kesi?

Wengine husema: nikizuia hasira nimepoteza haki yangu. Sivyo. Alifundisha kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipoondoka ajilaze. Moyo ukitulia, ipe hasira kazi ya halali: peleka shauri mbele ya wazee au tribinali, toa ushahidi wa kweli, saidia mayatima walioachwa. Aliyekukosea akikusalimu, mwitikie. Si lazima mle sahani moja. Kusamehe ni daraja ya juu zaidi, tuiombe kwa Mungu. Lakini asiyeifikia leo tusimlaumu, maadamu hadhulumu.

Mwenyezi Mungu atujalie mioyo ya subira na mikono isiyodhulumu. Amin.