Haya na Maradhi

Enyi ndugu Waislamu,

Twaulizwa mara nyingi: mgonjwa atakaye kutibiwa na daktari wa jinsia yake, au wa asili yake, je, ana makosa?

Hana makosa. Ni tabia ya mwanadamu kumfungulia moyo aliye mfano wake. Katika mji wa Oakland, Marekani, wataalamu walifanya jaribio wakalitangaza mwaka 2019. Kila mwanamume mweusi alionyeshwa kwanza picha ya daktari wake. Kwa picha tu, rangi ya daktari haikuleta tofauti. Lakini walipokwisha kuonana na kuzungumza, waliopata daktari mweusi walikubali vipimo zaidi kuliko wenzao, hata vile vya kutolewa damu. Basi utulivu wa mgonjwa huja kwa maneno, na maneno huja kwa kuaminiana.

Hata hivyo, haya ina mpaka wake. Mwanamke aonaye uvimbe katika ziwa lake, akauficha mwaka mzima kwa kuwa daktari ni mwanamume, hakuihifadhi dini; ameiangamiza nafsi aliyoamrishwa kuihifadhi. Wazee wamesema: mficha uchi hazai. Na wanavyuoni wetu wamebainisha: mwanamke atibiwe na mwanamke, akikosekana, mwanamume atamtibu mbele ya maharimu wake au mwanamke mwaminifu, wala asitazame ila palipo na haja. Zama za Mtume (s.a.w.) wanawake waliwauguza wanaume waliojeruhiwa vitani, na Saad bin Muadh aliuguzwa katika hema la bibi Rufaida, msikitini Madina.

Sasa natuambiane kweli. Yuko baba asimamaye hospitalini akighadhibika, "Hapana daktari wa kike hapa?" Naye nyumbani anaye binti aliyefaulu masomo yake, akamtoa shuleni ili amwoze. Huyo daktari amtakaye, atoke nyumba ya nani?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakiisimamia baadhi yetu, wengine wamesalimika; tukiiacha sote, sote tuna dhambi. Aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqhi, na hali miji yao haina tabibu Muislamu. Lawama ile yatufika na sisi. Amtakiaye mkewe tabibu wa kike, na amsomeshe bintiye. Asiyefanya hivyo, haya yake ni ya mdomoni tu.

Wabillahi tawfiq.