Motokaa ya Atomu na Mpita Njia

Je, mtu aweza kuchukua hatari barabarani kwa sababu yeye mwenyewe ameikubali? Mwaka 1958 kampuni ya Ford huko Marekani ilionyesha mfano mdogo wa motokaa iitwayo Nucleon. Ilitazamiwa kwenda maili 5,000, yaani kilomita 8,000 hivi, kabla ya kubadilishiwa chombo chake cha nguvu. Motokaa yenyewe haikuundwa kamwe.

Nguvu hiyo si ya petroli. Vitu vyote vimefanyizwa kwa atomu, ndogo mno, na ndani ya kila atomu mna kiini. Mwaka 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga madini ya urani kwa chembe ziitwazo nyutroni. Lise Meitner na Otto Frisch wakafahamu kwamba kiini kimepasuka vipande viwili. Kikipasuka hutoa nguvu, tena hutoa nyutroni nyingine zipasuazo viini vingine, kama moto urukao toka paa hata paa. Kwa nguvu hiyo manowari Nautilus, iendayo chini ya maji, ilisafiri mwaka 1955. Basi watu wakauliza: mbona isiendeshe motokaa?

Lakini kiini kipasukacho hutoa pia mionzi isiyoonekana, iharibuyo mwili. Kuizuia kwahitaji madini mazito ya risasi, au maji mengi, au zege nene. Manowari yaweza kuchukua uzito huo, motokaa haiwezi.

Huenda mtu akasema, "Dereva akingwe, yatosha." Naam, katika mfano ule chombo kiliwekwa nyuma kabisa, mbali na viti. Na yule apitaye kando ya njia na mzigo kichwani, amekingwa na nani? Achukuaye kijinga cha moto kijijini siku ya upepo hawezi kujitetea kwamba mkono uunguao ni wake. Nyumba zote zimeezekwa kwa makuti.

Tutajibiwa kwamba motokaa za petroli nazo huua, nasi twazipanda. Ni kweli, tena huua wengi mno. Walakini petroli iliyomwagika ikiungua imekwisha. Seziamu, mojawapo ya mabaki ya urani iliyopasuka, hupungua nusu kwa miaka 30 hivi, na nusu ya iliyosalia kwa miaka 30 mingine. Basi chombo kikivunjika penye shamba, atakayeumia huenda ni mtoto ambaye babaye hajaoa bado, naye hakuulizwa neno na yule aliyekuwa na haraka ya kufika mjini.