Dhambi Ina Mwenye Hasara

Wanangu wa Tindiga, pamoja na ninyi mlioko Kilosa mjini na Mikumi ambao nyumbani mnakuona wakati wa mavuno tu, nina neno nanyi.

Tukitaja dhambi mbele yenu, najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme ulevi, uzinzi, uchawi na wizi, kisha niwaombee, muende zenu. Hizo mnazifahamu. Hata mtoto wa shule ya Jumapili ukimwamsha usiku wa manane atakutajia zote bila kukosea. Zina sauti kubwa, na tunazililia kwenye mikesha mpaka sauti zinakauka. Kunakucha, tunajipangusa machozi, tunakwenda kupima mpunga kwa debe lilelile la juzi.

Tuanze na hilo debe. Kila aliyekulia kwenye bonde letu la mpunga anajua kwamba kuna debe la kununulia na debe la kuuzia. La kununulia mbavu zake zimegongwa kwa ndani mpaka zimetuna, na mpimaji halisawazishi, analiacha na kilima juu. La kuuzia kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani, halafu mkono wa mpimaji unaingia debeni kama unaoshikilia tu, kumbe unakalia nafasi ya mchele wa mtu. Mama anayenunua anaona kila kitu. Ananyamaza kwa sababu watoto wanasubiri chakula, na muuzaji wa pili ana debe kama hilo.

Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, aliliona jambo hili karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika sura ya 8 ya kitabu chake anawasema wafanyabiashara wanaohesabu saa ibada iishe wafungue maghala, wapunguze kipimo, wachanganye na makapi, wauze. Hakusema kwamba hawakuwa watu wa ibada. Walikwenda, wakakaa mpaka mwisho, mawazo yao yakiwa sokoni. Nayo Torati, katika Kumbukumbu sura ya 25, inamkataza mtu kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na moja jepesi. Majirani zetu Waislamu, ambao tunauziana nao na kuzikana nao hapa siku zote, wana sura ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjaji wa vipimo. Sheria ya vipimo ya nchi yetu nayo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Pamoja na yote hayo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inapakiwa mchana kweupe, imeshonewa kofia juu, na anayeishona ni kijana wa kwaya.

Mkulima naye asicheke. Yuko anayelowesha mpunga usiku ili uwe mzito asubuhi, na yuko anayeweka safi juu na pepe katikati ya gunia. Mlanguzi akimpunja, mkulima anasema dunia imeharibika. Yeye akimpunja mlanguzi, anasema amejiongeza. Nyani haoni kundule.

Mtaniuliza, babu, basi mtu ataitambuaje dhambi ikiwa kila mtu anaifanya na hakuna anayeshtuka? Mimi nawapa njia moja, na katika maisha yangu sijaona inayoizidi: tafuta mwenye hasara. Usijiulize kama jambo limeandikwa kwenye orodha ya mchungaji, wala kama wenzako wanalifanya. Jiulize ni nani amelala na kidogo ili wewe ulale na kingi. Ukimpata, mtaje kwa jina lake moyoni mwako. Dhambi isiyo na jina la mtu ni rahisi kuiombea msamaha, ndiyo maana tunapenda kusema tu kwamba sisi sote ni wakosefu. Hilo halimuumi mtu. Jaribu kusema: mimi nimekula nusu debe ya mama fulani wa kitongoji cha pili. Utaona ulimi unavyokuwa mzito.

Chukueni habari ya mipaka. Bonde hili ni la maji. Mwishoni mwa Desemba 2009, mto Mkondoa ulipofurika na kuvunja tuta lake pale Kilosa, maelfu ya watu walikosa makazi na Reli ya Kati ikasimama. Hayo yaliandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni yanayotokea kila mafuriko yanapokauka. Matope yamefunika kingo za majaruba, vijiti vya mpaka vimekwenda na maji, kila mtu anajengea upya alipokumbuka. Kumbukumbu za watu huwa na miguu. Zinasogea hatua moja upande wa mjane, upande wa yatima, upande wa yule aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Sijawahi kusikia zimesogea upande wa mwenyekiti. Halafu inakuja orodha ya walioathirika, na mtu mwenye nyumba isiyoguswa na maji anaandikisha mtoto aliyeko bweni Morogoro kwamba naye amekosa pa kulala. Mahindi ya msaada ni yaleyale, mafungu yameongezeka. Aliyepungukiwa yupo, na pengine ndiye aliyekopesha jembe mwaka jana.

Kumbukumbu la Torati sura ya 27 inamtaja anayesogeza mpaka wa jirani kati ya watu wanaolaaniwa hadharani, taifa zima likiitikia amina. Mimi naona ilikuwa busara kuwaitikisha watu wote, kwa sababu mwenye kusogeza mpaka alikuwa amesimama humo humo katikati yao.

Kuna dhambi ambazo mwenye hasara wake haonekani upesi, na hapa vijana ndipo mnaponiponyoka. Mnasema, nikikaa kijiweni na simu yangu namkosea nani? Nitawajibu kwa habari ya mtu wa zamani sana. Evagrius wa Ponto alikuwa mtawa katika jangwa la Misri, akafa mwaka 399. Aliandika juu ya mawazo manane yanayomsumbua binadamu, na baadaye Papa Gregori wa Kwanza aliyapanga upya, ndiyo yale tunayoyajua leo kama vilema vikuu saba. Kati ya yote manane, Evagrius alisema linalomchosha mtawa kuliko mengine ni uzito wa moyo wa adhuhuri. Akaandika na muda wake: linaanza saa nne na kumzingira mtu mpaka saa nane. Saa hizo walizihesabu tangu jua kuchomoza, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo ni saa nne na saa nane zetu hizi hizi. Mtawa anaona jua halisogei. Anachungulia dirishani, anatoka nje, anatazama imebaki kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa chakula. Anaanza kuona kazi yake ni mbaya, na wenzake hawampendi.

Sasa mwangalie kijana wetu saa nne asubuhi, jembe limeegemea mwembe. Anatazama simu, anaweka mfukoni, anatoa tena. Kazi ya shamba haina maana, ndugu hawamsaidii, waliofanikiwa wana bahati. Saa sita anaweka mkeka wa kubeti wa elfu mbili. Saa nane mkeka umechanika kwa timu moja, na elfu mbili nyingine inakopwa kwa dada anayekaanga maandazi. Huyo dada ndiye mwenye hasara. Mwingine ni mtoto aliyeambiwa daftari litanunuliwa kesho. Ukikaa na uvivu kwa muda wa kutosha utamwona mtu anayeulipia, na mara nyingi ni mwanamke.

Juu ya ulimi sitasema mengi, Yakobo amesema ya kutosha katika sura yake ya 3. Nitasema moja tu linalohusu wilaya yetu. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba neno la kijiweni ndilo lililowaua, mambo ya ardhi na maji na malisho ni mazito kuliko hivyo, na wenye mamlaka wana sehemu yao. Lakini mnajua wenyewe inavyokuwa ng'ombe wakiingia shambani. Jaruba moja lililokanyagwa, likifika sokoni limekuwa matatu. Kijana mfugaji wa Kiparakuyo aliyesinzia chini ya mti, habari ikipita kwenye simu, amekuwa kundi lenye mikuki. Na upande wa pili, mwenye ng'ombe anaapa kwamba mifugo yake haikupita hapo, na kwato zinaonekana. Kila mmoja ameongeza kidogo au amepunguza kidogo. Ukipokea habari ya namna hiyo usiku, usiisukume mbele mpaka uende ukalione shamba kwa macho yako asubuhi.

Sasa, kushinda. Hapa sikubaliani na wahubiri wengi wanaopita kwetu na spika kubwa. Wanawaambia mtashinda usiku mmoja. Mimi nimeona dhambi ya kila siku ikija kidogo kidogo, na huondoka kwa mwendo wa aina hiyo. Augustino, askofu wa Hippo, mtu wa Afrika aliyezaliwa mwaka 354 mahali palipo leo nchini Algeria, anaeleza katika kitabu chake cha Maungamo habari ya mama yake, Monika, alipokuwa binti mdogo. Wazazi walikuwa wakimtuma kuchota divai kwenye pipa. Akawa anaonja kwa ncha ya midomo, kwa utundu tu, wala hakuipenda. Kesho akaongeza kidogo, keshokutwa kidogo, mpaka akawa anamaliza vikombe vilivyokaribia kujaa. Hakuponywa na mahubiri. Mjakazi aliyekuwa akifuatana naye kwenye pipa aligombana naye siku moja, akamtupia neno: mlevi! Monika likamchoma, akaacha.

Naipenda habari hiyo kwa sababu mwenye kusema hakukusudia mema. Alitaka kuumiza. Nanyi siku mtakapoambiwa ukweli wenu, huenda utatoka kinywani mwa mtu msiyempenda, konda, shemeji, mwanamke mliyegombana naye kisimani. Msianze kuchunguza tabia yake. Chukueni neno, mwacheni mwenye neno na mambo yake.

Halafu rudisheni. Hili ndilo kubwa, na ndilo tunaloruka. Kitabu cha Hesabu sura ya 5 kinamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Umekula elfu hamsini ya mtu, unampelekea elfu sitini. Zakayo wa Yeriko, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne, na ahadi hiyo aliitoa bila kuombwa. Na Bwana wetu katika Mathayo sura ya 5 amemwambia mwenye sadaka aliyekumbuka ugomvi na nduguye aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane. Tunaimba sana juu ya madhabahu, lakini siku hiyo njia inaanzia kwa jirani.

Wazee wetu waliliona hili kwa macho. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilo: watu waliamka wakarudisha walivyoiba, wengine kwa waajiri wao Wazungu, ambao hawakujua hata kama vimepotea. Ulikuwa na kasoro zake pia. Wapo walioungama hadharani mambo yaliyowaaibisha wengine, na wapo waliogeuza ungamo kuwa mashindano ya nani alikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo nanyi pimeni. Kosa mlilofanya na mtu msilipeleke kwenye kipaza sauti, mtavunja nyumba yake kwa kutafuta amani yenu. Kwa mwenye hasara, na kwa mchungaji au padri wako kwa faragha, panatosha.

Wala msishike vyote kwa pamoja. Anza na kimoja chenye jina la mtu. Kama ni debe, lipeleke kwa fundi wa mabati linyooshwe, au nunueni mizani ya pamoja ya kikundi, kila mtu apimiwe mbele ya wote. Aliye peke yake na debe hujaribiwa kuliko aliye na wenzake. Kama ni kubeti, fedha akae nayo mkeo au mama yako siku ya mauzo. Kama ni mpaka, mwite jirani na mjumbe, pigeni kamba mchana. Ukianguka tena, na utaanguka, usikimbilie kusema kwamba wokovu umekupita. Nenda tena kwa yuleyule uliyemkosea. Mara ya tatu utaona haya kiasi kwamba mkono wenyewe utakataa.

Mpunga unakaribia kuvunwa. Kabla hujafunga gunia la kwanza, mpelekee mtu wako anachokudai. Kama amekufa, wapeni watoto wake. Kama hana mtoto wala ndugu, Hesabu 5 inasema haki yake iende kwa kuhani; basi pelekeni kanisani na mseme wazi ni ya nani, igawiwe wajane. Mimi msiniletee.