Je, Mkimbizi Ana Wajibu kwa Ziwa la Wenyeji?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe. Tangu makazi ya Nakivale yaanzishwe mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, wakimbizi wamekuwa wakipewa kipande cha kulima. Leo wapo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Je, jembe hilo limekuja na wajibu wowote kwa maji na miti ya hapa?

Wako wanaosema hapana: urithi ni wa yule ambaye babu yake amezikwa hapo. Sikubali. Mto Rwizi unapita Mbarara mjini na kushuka kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, ambayo ardhi oevu yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar. Maji hayo hayamuulizi mtu kitambulisho. Anayeyanywa ameshaingia deni.

Ila deni hudaiwaje? Tutazame jirani yetu, Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Wafugaji Wahima walilisha humo ng'ombe wao wa pembe ndefu, kando ya pundamilia na swala pala, hata baada ya eneo kufanywa pori la akiba mwaka 1963. Mwaka 1983 serikali ya Obote ikaligeuza hifadhi ya taifa, ikawaondoa bila fidia. Ilipoanguka mwaka 1985 walirudi, wakawafukuza wafanyakazi wa hifadhi, wakabomoa majengo, wakaua wanyama. Mwaka 1987 hifadhi ilitangazwa upya, ikiwa chini ya nusu ya ilivyokuwa. Swala hakuwa amemkosea mtu. Walimwona kama mali ya aliyewafukuza.

Kwa hiyo kumkataza mama kukata kuni, huku maharage yake hayaivi bila moto, ni kumdai na kumfunga mikono papo hapo. Anayemdai kwa haki ampe kwanza miche na jiko linalotumia kuni kidogo, na akubali kwamba mti atakaoupanda ni wake kuuvuna. Hapo ndipo penye ugumu: nani atapanda mwembe, naye kila siku anasubiri kuitwa kwenda Canada? Wajibu hapa hauna malipo yanayoonekana, na sijui hoja ya faida inayoweza kuutetea. Hata hivyo wapo wanaopanda. Maembe yale huenda yakaliwa na mwenyeji, au na mgeni mwingine ambaye bado yuko Masisi.