Mwenye Kitu cha Kale ni Nani?

Yapo maswali ambayo mtu huyakuta vitabuni, na yapo mengine ambayo humfikia gerejini, mikono yake ikiwa na grisi. Hili ninalowaletea wasomaji lilinifikia kwa njia hiyo ya pili.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani, aliacha gari aina ya Morris Minor ya mwaka 1958, aliyoinunua ikiwa tayari kuukuu. Ilikaa chini ya mwembe miaka mingi hata kuku wakapata pa kutagia kwenye kiti cha nyuma. Mwanangu akanuia kuifufua. Bati lilinyoshwa, injini ikafunguliwa ikafungwa tena, na muda wote huo hatukukosana hata kwa neno. Tulikosana tulipofika kwenye dashibodi.

Gari hilo, lililosanifiwa na Alec Issigonis na kutengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1971, halikukusudiwa matajiri. Dashibodi yake ni bati lililopakwa rangi. Katikati pana spidomita moja ya duara, na kila upande pana nafasi ya kuwekea vitu vidogo. Basi. Mwanangu alitaka kuifunika kwa ubao wa mninga uliopigwa vanishi, kutia redio mpya, na kuiondoa spidomita ya maili aweke ya kilomita. Nikayakataa yote matatu kwa pamoja, tena kwa ukali ambao sasa nauonea haya. Nilimwambia kwamba kufufua ni kurudisha kitu kilivyokuwa.

Akanijibu kwa adabu, "Baba, na tundu hili karibu na usukani, lilitoka kiwandani?"

Tundu lile alilitoboa babu yake mwenyewe ili afunge swichi ya feni ndogo, maana joto la pwani halikumo katika hesabu za waliolisanifu gari lile. Nikanyamaza. Kama kufufua ni kurudisha cha kiwandani, sharti tundu lizibwe. Na tukiliziba, tumemfuta marehemu katika gari tunalolifufua kwa heshima yake. Tukiliacha, tumekiri kwamba mwenye kukitumia kitu anayo haki ya kukiongezea lake. Je, haki hiyo ilizikwa pamoja naye? Swali hili halihusu magari peke yake. Tangu ilipoundwa wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962 tumekuwa tukiulizana juu ya ngoma, mavazi na lugha: ni yupi mwenye mila, aliyeianzisha au anayeiishi? Mara nyingi tumewajibu vijana kwa ukali kama wangu.

Juu ya kilomita nilishindwa upesi. Mshale ukionyesha 50 kwenye spidomita ya maili, gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Kijana aliyezoea kilomita, akipita penye makazi ambapo sheria inamruhusu 50, ataiona namba ile na kuamini kwamba ametii, huku watoto wanavuka kwenda shule. Uasili wa namna hiyo sitauombea msamaha mbele ya mzazi yeyote. Hata hivyo, ndani ya spidomita ile mna namba za maili zilizokwisha kwenda, na sehemu kubwa ya maili hizo aliziendesha baba: safari za kikazi, safari za matanga, safari ya kumpeleka mama hospitali usiku nilipozaliwa mimi. Kuing'oa ni kukitupa kitabu chake cha safari.

Hapo fundi, ambaye alikuwa akitusikiliza bila kuacha kupiga msasa, alisema kwamba mshale ni ule ule. Kinachobadilika ni namba tu. Basi tukakata duara jembamba, tukaliandika kilomita, tukalibandika ukingoni mwa kioo. Likibanduliwa, kilichomo ndani kipo vile vile. Baadaye nilisoma kwamba wahifadhi wa magari ya kale walikubaliana jambo la namna hiyo katika hati yao ya Turin mwaka 2012: badiliko linalolazimishwa na matumizi lisijitokeze mno, liweze kuondolewa, na kilichotolewa kitunzwe pamoja na gari. Redio nayo tukaiweka chini ya dashibodi, kwa vibano, bila kutoboa.

Umebaki ubao. Hoja yangu ni kwamba mbao za kung'aa zilikuwa pambo la magari ya wakubwa, na kulivika gari la karani ubao ule ni kulifanya liikane asili yake. Mwanangu anasema hawazi habari za wakubwa wa Uingereza. Mninga ni mti wa kwetu, na watu wa pwani hawajaacha kuipamba hata milango ya nyumba zao. Sijaliona jibu la kumpa. Ubao wenyewe umeegemezwa kwenye ukuta wa gereji, umekwisha kupimwa lakini haujakatwa. Jana, nilipokuwa peke yangu, niliupitishia kiganja. Ni ubao mzuri.