Je, Heshima ya Mwanamume Imo Katika Koti Lake?



Wako wanaume wengi ambao siku ya arusi, ya Idi au ya baraza huteseka ndani ya nguo zao. Ukosi umewabana shingo, koti limewakaza mabegani, na viatu vinawauma; nao huvumilia, wakidhani kwamba bila ya taabu hiyo hawatahesabiwa kuwa watu.

Jambo hili si dogo. Kijana mmoja aliyeingia katika Islam karibuni alikosa sala ya Ijumaa mara 3. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa haya kwamba kanzu hana, na koti aliloazima linambana hata hawezi kusujudu. Nilihuzunika, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimehimiza mimbarini kwamba watu waje wamevaa vizuri, wala sikueleza maana ya maneno hayo.

Basi maana yake ni nini? Qurani Tukufu, katika Sura Al-A'raf, inafundisha kwamba nguo ni sitara na ni pambo, lakini vazi la ucha Mungu ni bora zaidi. Sura hiyo hiyo inatuagiza kujipamba tuendapo kusali. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba uchafu ni uchaji. Na Mtume Muhammad s.a.w. alieleza kwamba kupenda nguo nzuri si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Tena tutazame vitendo vyake. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijriya, alivaa joho la Kishamu lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha, mikono ya joho haikuweza kupandishwa. Basi akaitoa mikono yake kwa chini ya joho, akatawadha. Hakulikataa vazi hilo kwa kuwa limetoka nchi ya wageni, wala hakuiacha ibada kwa ajili ya vazi. Siku nyingine alisali akiwa amejifunika shuka yenye nakshi, na nakshi zile zikamshughulisha. Akaagiza arudishiwe Abu Jahm, aliyempa, na badala yake akaomba shuka nyingine isiyo na nakshi.

Kutokana na hayo twapata kipimo chepesi. Vazi la heshima ni lile linalokusitiri, lililo safi, linalokutosha, na ambalo ukisimama mbele ya Mola wako hulikumbuki tena. Likiwa suti au kanzu, ni mamoja, kwani Islam haikuja kuwavika watu wote nguo za taifa moja. Lakini vazi linalokuzuia kurukuu, au linalokuingiza katika deni ili usifiwe, limekuwa bwana wako, nawe umekuwa mtumwa wake.

Nilimwomba kijana yule msamaha. Ijumaa iliyofuata alikuja na shati lake la kila siku, limefuliwa vizuri, akasujudu bila ya taabu.

Basi wewe unayeitafuta dini ya haki, usizuiliwe mlangoni na nguo. Ukiwa na shati moja tu, lifue, uje. Nawe mwenye koti zuri, mshukuru Mungu, kisha umsogelee mwenye shati hilo, bega kwa bega, katika safu moja.

Mwenyezi Mungu atuvike sote vazi la ucha Mungu. Amin.